Rehema Aliyebaki Mlangoni

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu kule Matayos, walinikalisha chini ya hema karibu na mama mmoja mnene aliyekuwa akipigana na mfupa wa kuku. Sikumjali. Mimi harusini huenda kula, na kuku nilikuwa na wangu. Kisha yule mama akamgeukia kijana wa kugawa soda akamwambia, "Kijana, mbona unanipita kama sijakuja?" na kijiko kikanidondoka. Ile sauti! Sura nazisahau, hata za wanafunzi wangu nazisahau wakishaota ndevu, lakini ile sauti ya puani kidogo, yenye kulivuta neno la mwisho kama mtu asiyetaka kuliachilia, ningeitambua hata usingizini. "Wewe ni Rehema," nikamwambia. Akauacha mfupa. "Mungu wangu," akasema, "kumbe kuna mtu bado anakumbuka?" Nisikumbuke vipi tena! Mwaka mzima mama huyu alikaa nasi chumbani Malaba, kila Alhamisi, na mimi nilijua nguo zake zote. Nikamuuliza swali nililolibeba karibu miaka ishirini: alitoka au hakutoka? Akanijibu. Jibu lake ndilo limenifanya niandike haya, lakini hamtalielewa kabla hamjaingia chumba cha Senge, kwa hivyo vueni viatu mwingie.

Senge, kwa sisi Wasamia, ni dada wa baba. Vile nilivyofika kwake na nani aliamua, hayo ni mambo ya wakubwa na wengi wao wameshazikwa. Itoshe tu kwamba nilikuwa nimemaliza Form Four, nimepata nafasi chuo cha ualimu, na kiharusi kikampiga Senge upande wote wa kushoto. Nikatolewa kwetu Funyula nikaambiwa niende Malaba nimshike mkono wiki mbili tatu. Wiki mbili tatu! Niliingia mle watu wakipanda mahindi, yakatoa mbelewele, yakakauka, yakapandwa mengine, na mimi ni mle mle. Chuo kilikubali kunishikia nafasi mpaka mwezi wa tisa, ukipita anapewa mwingine. Na wa kuniachilia alikuwa mtu mmoja tu, Senge mwenyewe. Nyumbani walinieleza wazi: akisema nenda, utaenda, lakini asiposema, usituletee aibu ya kumkimbia mgonjwa. Wala si kwamba hakukuwa na mwingine. Asio, mpwa wa marehemu mumewe, alikuwa Amagoro hapo tu, hana mtoto mdogo, yuko tayari kuja hata kesho. Senge hakutaka kumsikia. "Yule ana mikono baridi," alisema. "Akinigeuza nitashtuka nife, na mtanizika mkisema ni Mungu."

Chumba kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja. Dirisha lilitazama barabara, na barabara ya Malaba miaka ile ilikuwa ni malori tu, yamepangana kungoja karatasi za kuvuka kwenda Uganda. Lori moja likisimama mbele ya dirisha letu, basi hilo ndilo lilikuwa dunia yetu mpaka lisogee. Siku zingine tuliamka tukatazama tairi, tukalala tukatazama tairi lile lile. Mwanga uliingia ukiwa na rangi ya turubai, kijani au buluu, na uso wa Senge ukawa kijani au buluu. Kulikuwa na kitanda chake, godoro langu lililolala chini yake mchana, beseni, kabati, na juu ya kabati televisheni iliyovikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Chini ya kitanda nilikuwa na sanduku langu la bati la shule. Nguo zangu zilikuwa ndani, zimekunjwa. Kila siku nikishamfulia Senge nilizitoa, nikazikunja upya, nikazirudisha. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Mikono ilitaka tu.

Na kulikuwa na kile kikohozi. Senge hakuwa na ugonjwa wa kifua, daktari alisema kifua chake ni cha msichana. Kilikuwa kikohozi cha kuniitia, kifupi, kikavu, mara mbili, na kilikuja kila mkono wangu ulipogusa komeo la mlango. Naenda kuteka maji, khoh-khoh. Naenda kununua mkaa, khoh-khoh. "Unaenda wapi?" "Kuteka maji, Senge." "Na utarudi?" Jamani, mtu ameshika ndoo, atatorokea wapi na ndoo? Lakini ulimi wake ulikuwa mzima kuliko mguu wangu, na nilijifunza kujibu "nitarudi" kabla sijaulizwa. Mchana nilimpikia ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaovutika, na kunde zilizotiwa karanga au omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimlisha upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii. Wakati huo huo nje ya ukuta nilisikia madereva wakila mandazi yao wamesimama. "Karatasi bado?" mmoja angeuliza. "Bado," wa pili angejibu. "Wamesema lini?" "Wamesema kesho." Kila siku wamesema kesho. Mimi ndani natafuta mwiba wa omena nisije nikamkwamisha Senge, nikajisemea kwamba hata hawa wana bahati, maana wao angalau kuna mtu amewaambia kesho.

Kitu kimoja kilitufungulia dirisha lingine, nacho kilikuwa *Sanduku la Rehema*. Hamtakikumbuka, hata hapa nchini hawakukikumbuka kilipokuwa hewani. Kilikuwa mchezo wetu wenyewe wa Kiswahili, ukionyeshwa Alhamisi baada ya taarifa ya habari ya saa moja. Rehema ameolewa Nairobi, mumewe kasafiri na harudi, na nyumba inatawaliwa na mama mkwe mwenye sauti ya kengele. Rehema anataka kwenda zake. Anafunga sanduku. Kuna jambo linatokea, analifungua. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote! Ili tuione ilibidi Juma, fundi wa simu wa duka la pili, ageuze antena yetu. Mlingoti ulikuwa wa mwanzi, na ukiuelekeza jiwe la Tororo unapata Uganda, ukiuelekeza Bungoma unapata Kenya. Alhamisi jioni Juma aliuzungusha huko nje na sisi tukipiga kelele ndani: "Hapo! Hapo, Juma! Aaa, umepita!" Kisha aliingia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama nasi. Alikuwa Mwislamu wa kutoka upande wa Tororo, mpole, na hakuwahi kuegemea upande wowote katika vita vyetu.

Maana vita vilikuwepo. Senge alikuwa upande wa mama mkwe. "Atoke aende wapi?" alisema Rehema alipoanza tu kuvuta sanduku. "Huyo mama mzee amwachie nani?" Mimi nikajibu, macho kwenye televisheni, "Kwani huyo mama hana watu wengine?" "Watu wengine si huyu." "Na huyu hana maisha?" "Maisha iko hapo tu, haitakimbia." "Inakimbia, Senge. Ina mwezi wa tisa." Hapo Juma alikohoa kidogo, kile kikohozi cha wanaume wakitamani wasingekuwepo, na sisi tukanyamaza kwa sababu tulijua tumeacha kumzungumzia Rehema. Siku zingine zote za wiki hatukuligusa jambo la chuo hata mara moja. Nisingethubutu, mgonjwa haulizwi maswali kama hayo. Lakini Alhamisi, Rehema akiwa katikati yetu, tuliweza kuambiana kila kitu. Nilimpenda kwa hilo. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mkalimani wake pekee katika nchi ya ugeni.

Ndiyo maana nilianza kuogopa mapema. Mchezo unaokufa una dalili zake kama mgonjwa. Kwanza yale mapazia mekundu ya kwa mama mkwe tukayaona nyumbani kwa mchungaji, kisha hospitalini. Halafu baba mkwe akapotea, wakasema ameenda Dubai. "Dubai kufanya nini na mguu mbaya vile?" Senge akauliza, lakini mimi nilijua yule mzee amechoka kuigiza bila kulipwa. Matangazo ya biashara yakapungua mpaka likabaki moja la dawa ya mende. Na huko nje dereva mmoja akamwambia mwenzake, nikasikia kupitia ukutani, kwamba Nairobi hakuna mtu anatazama huo upuzi, watu wote wako kwa zile za Kimeksiko zilizotiwa sauti ya Kiingereza. Nilitamani nitoke nimpige na mwiko. Kikikatwa, nilijua, hatutazungumza tena, mimi na Senge. Mwezi wa tisa utapita juu yetu kimya kimya, na nitazeekea kando ya lile beseni.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane Rehema akavaa koti. Hajawahi kuvaa koti! Akafunga sanduku, akalikalia lifungike, akatembea mpaka mlangoni, akashika komeo. Akasimama. Picha ikaganda hapo, akatokea kijana wa tai akasema kwamba mdhamini wa mchezo amejiondoa, na kama bado kuna watu wanaotazama, wajitokeze. Tutume ujumbe kwa namba fulani fupi: BAKI kama tunataka Rehema abaki, TOKA kama tunataka atoke. Jumbe zikiwa nyingi mchezo utaendelea, zikiwa chache basi. Na laini zinafungwa baada ya muda mfupi. Wee! Nikairukia simu ya Senge, ile ya vitufe, iliyokuwa inalala chini ya mto wake. Sikumuuliza chochote. Nilimjua. Nikaandika B, nikaandika A.

"Unaandika nini?"

"Baki, Senge."

"Nani amekuambia?"

"Si ni wewe? Mwaka mzima si unasema abaki?"

Senge alikuwa anatazama televisheni, ingawa sasa ilionyesha mende waliolala miguu juu. "Futa," akasema. Nikafuta. "Andika atoke."

Juma alitazama miguu yake. Mimi nikaishusha simu. "Umesema nini, Senge?"

"Umeziba masikio? Andika atoke! Nimechoka kumuona akikunja hizo nguo. Kila wiki anakunja, kila wiki anakunjua. Unadhani mtu akiwa amelala haoni? Mtu atakunja nguo mpaka lini?"

Nikaandika TOKA, nikatuma, na ilikuwa kama nimejitumia mwenyewe. Hapo hapo simu ikalia, ujumbe umeingia, wa Kiluganda. "Wamesema nini?" Senge akauliza. "Nadhani wameshukuru," nikasema. Sote tukacheka, hata Senge kwa ule upande wake mmoja, na usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Asubuhi jumbe nyingine zilikuwa zimeingia, na nikampelekea Juma asome. Akasoma, akaivua kofia yake, akajikuna. Sasa, sisi watu wa Malaba tuna tabia moja: kila mtu ana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na kabla ya kufanya lolote unauliza kwanza ni gani iko ndani. Chumbani kwa Senge laini ya Kenya haikushika mpaka usimame langoni, kwa hivyo simu ililala na ya Uganda, na ya Kenya ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso yake. Mtoto wa Malaba wa miaka saba anajua kubadilisha. Sisi, kwa ile haraka, watatu wazima, mmoja wetu fundi wa simu, hatukubadilisha. Na namba ile fupi, huko ng'ambo, ilikuwa ya watu wengine kabisa. "Mama," Juma alimwambia Senge akiwa amesimama mlangoni, "hii imeenda Kampala. Mmejiandikisha kuletewa matokeo ya mpira. Ligi ya Uganda."

Nikaona Senge anawaza. Kisha uso wake ukafunguka kwa namna niliyoichukia. "Basi haijafika," akasema. "Haihesabiwi."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. "Imefika, Senge! Mimi nimeisikia kwa masikio yangu!"

"Wewe si televisheni," akasema. Akageuza uso ukutani, na wiki nzima hakunipa neno ila uji, choo, nigeuze. Lori lenye turubai la buluu likaja likasimama dirishani. Sikuzikunja nguo zangu tena. Kufika mwezi wa tisa zilikuwa zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na niliacha kuvihesabu vidole.

Alhamisi ikafika. Juma akaja akazungusha antena bila sisi kupiga kelele, akaingia, akakaa kwenye ndoo. Taarifa ya habari ikaisha. Kukaja mieleka. Hakuna aliyesema kwaheri, hakuna kijana wa tai, hakuna hata mende. Wazungu wawili wenye chupi za kung'aa wakaanza kuangushana mahali pa Rehema, na ndivyo tulivyojua. Juma alinyanyuka kuizima, Senge akasema, "Wacha." Tukatazama mieleka. Ilikuwa kama matanga, kila mtu anatazama mbele na hakuna anayetazama kitu. Nililia wazi wazi, sikujificha, nikajipangusa na kile kitambaa cha televisheni.

"Sasa," Senge akasema, "yule msichana atasimama pale mlangoni mpaka lini?"

"Mpaka kufa kwake, Senge. Hawampigi picha tena."

"Na koti amevaa."

"Amevaa."

Mwanaume mmoja akamkalia mwenzake kifuani. Senge alimtazama mpaka mwisho. "Atachoka miguu," akasema. Kisha, bila kunitazama, akamwambia Juma na si mimi: "Boss, kesho ukipata mtu wa kwenda Amagoro, mwambie amwite Asio. Lakini avae glavu."

Asio alikuja na mikono yake baridi, nikamfundisha upande wa kulisha, na jinsi ya kumgeuza, na kwamba uji unapenda ndimu. Asubuhi ya kuondoka nilivuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda. Nilimuaga Senge, akaniambia nisije nikajifanya Mwingereza huko chuoni, nikasema sitafanya. Nikatembea hatua zile chache mpaka mlangoni. Nikashika komeo. Na hapo nikasimama, Mungu wangu shahidi, mgongo wangu wote ukingojea. Nilijua kabisa kikija nitaweka sanduku chini. Sikuwa na nguvu ya kukipita kile kikohozi, sikuwa nimewahi kukipita hata mara moja. Nikangoja. Nikasikia lori likiwashwa nje, nikasikia kitanda kikilia, lakini kikohozi hakikuja. Nikafungua. Miaka mingi baadaye Asio ndiye aliyeniambia kwamba Senge alikuwa amejaza leso mdomoni, ameiuma kwa ule upande mzima, machozi yanamtoka, na kwamba yeye Asio alidhani ni kiharusi cha pili.

Aliishi miaka mingine kadhaa. Zile jumbe za mpira hatukujua kuzizuia, zikaendelea kuja, na Juma akamsomea kila jioni, mpaka Senge akachagua timu yake ya Kampala na kuwatukana waamuzi kwa majina. Kila likizo nilipoenda alinipa matokeo kabla ya kunisalimu. Rehema hakumtaja tena. Nami nilibaki nimewalaani wale watu wa televisheni, kila mmoja na kazi yake, kwa kumwacha binti wa watu mlangoni na koti.

Sasa turudi harusini, kwenye kuku aliyepoa. "Alitoka au hakutoka?" nilimuuliza yule mama, na akacheka ile sauti ya puani, akafuta vidole. "Mwalimu, kutoka wapi? Maandishi ya kipindi kilichofuata tulikuwa tumeshapewa. Mimi nashika komeo, nafungua kidogo hivi, mama mkwe anakohoa kule ndani."

"Anakohoa?"

"Mara mbili. Basi nageuka, naweka sanduku chini, naenda kumpashia uji. Tungeendelea hivyo hivyo mwaka mwingine mzima wangempata mdhamini. Lakini wakatukata, wale watu hawana huruma." Akainua mfupa wake tena. Mimi nikatazama sahani. Kipindi kimoja. Wangetupa kimoja tu zaidi, Senge angekiona akiwa pale kitandani, na angefundishwa na televisheni nzima la kufanya mtu akishika komeo.

"Mwalimu," yule mama akaniambia, "mbona unalia harusini?"

"Wa kwako alikohoa," nikamwambia. "Senge wangu hakukohoa."